Deki ya DVD na kaseti inaposumbua: namna ya kuipima, kuisafisha na kuokoa kilichomo

Deki inayochukua DVD na kaseti ya VHS kwa pamoja ni mashine mbili zilizofungiwa kwenye sanduku moja. Upande wa kaseti una mota, gia, mipira na ngoma ya hedi (vipande vinavyosoma utepe) inayozunguka kwa kasi. Upande wa diski una leza, lenzi na mota ndogo. Zinachangia bodi ya umeme, rimoti na baadhi ya matundu ya nyuma, basi. Malalamiko mengi yanaanzia hapo: mwenye deki anasema imekufa, kumbe upande mmoja ni mzima kabisa, au hakuna kilichoharibika ila waya umechomekwa pasipo pake.

Jambo la pili la kulijua mapema: Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kutengeneza deki za VHS, ilisimamisha uzalishaji Julai 2016. Kila deki ya aina hii iliyopo sokoni leo ni ya mtumba au imelala stoo miaka, na kipuri chake aghalabu hutolewa kwenye deki nyingine iliyokwisha kufa. Ndiyo maana mwongozo huu unaitanguliza kaseti kuliko mashine. Kaseti ya harusi ya 1994 huenda haina nakala popote. Deki utapata nyingine Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, ukizunguka vya kutosha.

Kabla ya kushika bisibisi

Lalamiko la kwanza kabisa ni hili: DVD inaonekana vizuri, lakini ukiweka kaseti kioo kinabaki cheusi au cha buluu, ingawa mashine inasikika ikizunguka. Katika deki nyingi za aina hii, tundu la HDMI, matundu matatu ya rangi nyekundu, kijani na buluu, na lile la S-Video hutoa picha ya DVD peke yake. Picha ya kaseti hutoka kwenye tundu la njano, pamoja na sauti nyekundu na nyeupe, au kwenye tundu la antena. Chomeka waya wa njano hata kama unatumia HDMI, kisha ubadilishe chaneli ya kuingizia kwenye runinga unapotoka kwenye diski kwenda kaseti. Baadhi ya modeli za mwisho hutoa vyote kwa HDMI, kwa hiyo soma maandishi madogo yaliyo juu ya kila tundu: palipoandikwa "DVD/VCR" hutoa vyote, palipoandikwa "DVD" tu ni diski tu.

Halafu kuna kitufe cha kuchagua upande, kwenye rimoti na kwenye uso wa deki. Ukibonyeza PLAY huku taa ya DVD ikiwaka, kaseti haitajibu. Na ukiona alama ndogo ya saa kwenye kioo cha deki, upande wa kaseti umewekwa kusubiri kurekodi na hautatii kitufe chochote hadi uizime alama hiyo kwa kitufe cha TIMER. Watu wamepeleka deki kwa fundi kwa sababu ya alama hiyo peke yake.

Kurekodi DVD ya dukani kwenda kwenye kaseti hakuwezekani, na hilo si ubovu. Picha itafifia, itang'aa, itapoteza rangi kisha irudi, kwa sababu ya kinga ya kunakili iitwayo Macrovision. Hakuna usafi wala kipuri kitakachoiondoa.

Deki zinazotumwa na ndugu walio nje zina matatizo yake. Geuza deki usome kibandiko cha nyuma. Kikisema 120V 60Hz, hiyo ni ya Marekani au Kanada. Ukiichomeka kwenye 230V ya Tanzania au 240V ya Kenya, fyuzi hukatika na mara nyingi kapasita (kitunza chaji) kubwa ya ndani, iliyotengenezwa kwa volti 200, hupasuka. Inahitaji transfoma ya kushusha umeme. Ya wati 100 inatosha, deki yenyewe haili zaidi ya wati 30 hivi. Hata ukiipatia umeme wake bado kuna suala la mfumo wa picha. Marekani ni NTSC: mistari 525, fremu karibu 30 kwa sekunde, ngoma ikizunguka takriban mara 1,800 kwa dakika. Kaseti iliyorekodiwa Mombasa au Muscat ni PAL: mistari 625, fremu 25, ngoma mara 1,500. Deki ya NTSC pekee itakupa sauti iliyokimbia na picha iliyovurugika, vivyo hivyo kwa jamaa wa Minnesota anayetumiwa kaseti ya harusi kutoka nyumbani. Kaseti ya SECAM kutoka Ufaransa kwa kawaida huonekana nyeusi na nyeupe kwenye deki ya PAL.

DVD nazo zina kanda za kibiashara. Afrika Mashariki ni kanda ya 5, Ulaya na nchi za Ghuba ni ya 2, Marekani ni ya 1. Deki ikitoa ujumbe wa "region", diski ni nzima na deki ni nzima, hazikuundiwa kukutana. Diski za studio za harusi hazina kizuizi hicho. Zikikataa, chanzo ni kingine, na tutakifikia.

Jua ni upande upi unaoumwa

Andaa kaseti usiyoijali, DVD halisi ya kiwandani na CD ya muziki ya kiwandani. Usijaribie deki unayoishuku kwa kaseti ya pekee. Na hata hiyo ya majaribio, vunja kidude cha plastiki kilicho kwenye mgongo wake, upande wa kushoto, ili REC ikibonyezwa kwa bahati mbaya isifute kitu. Kaseti zote za familia zivunjwe kidude hicho leo.

1. Chomoa deki ukutani kwa dakika 10, kisha uichomeke moja kwa moja kwenye soketi, si kwenye ekstensheni. Kompyuta yake ndogo ya ndani ikikwama, mara nyingi hii huizindua.
2. Iwashe ikiwa tupu. Chagua DVD: nembo au maandishi ya kuomba diski yaonekane. Chagua VCR: kioo cha buluu au chenga.
3. Weka DVD ya kiwandani, halafu CD ya muziki. DVD ikisoma na CD ikakataa, au kinyume chake, leza moja kati ya mbili imechoka: DVD husomwa kwa mwanga wa nanomita 650, CD kwa 780.
4. Weka kaseti ya majaribio. Sikiliza: mlio wa kushuka, mlio wa utepe kuvutwa, kisha mvumo laini wa ngoma. Chezesha dakika 5, peleka mbele, rudisha nyuma hadi mwanzo, toa. Fanya hivyo mara mbili.

Pande zote mbili zikikataa, au deki ikijizima na kujiwasha, anza na bodi ya umeme. Upande mmoja ukikataa, usiguse mwingine. Kuipiga deki kofi hufanya kazi wakati mwingine, na ikifanya kazi imekuambia jambo: kuna lehemu iliyopasuka au fleksi (waya bapa) iliyolegea mahali fulani.

Kaseti imenasa ndani

Hapa ndipo kumbukumbu za watu huharibika, na mara nyingi anayeharibu ni mwenyewe anayebonyeza EJECT mara ishirini. Kila ukibonyeza, mota inavuta, na utepe unaotakiwa kurudi ndani ya kaseti unazidi kujizungusha kwenye rola ya mpira. Acha.

Chomoa waya wa umeme na usubiri angalau dakika 15. Kapasita kubwa kwenye bodi ya umeme hubeba karibu volti 320 za mkondo mnyoofu hata baada ya kuchomoa, kwa hiyo bodi hiyo usiiguse hata baada ya kusubiri. Utaitambua: ndiyo inayopokea waya wa ukutani, na ina kapasita moja nene kuliko zote.

1. Fungua skrubu za kifuniko kwa bisibisi ya nyota. Mara nyingi ziko mbili au tatu nyuma na moja au mbili kila ubavu. Zibandike kwenye karatasi kwa mpangilio wake, maana urefu hutofautiana na ndefu ikiingia pasipo pake hutoboa bodi.
2. Tazama bila kugusa. Je, utepe umezunguka ngoma inayong'aa? Umekwama kwenye rola ya mpira? Umeanguka kati ya gia? Piga picha kwa simu.
3. Tafuta mota ya kupakia: ndogo, yenye gia ya mfano wa skrubu ndefu kwenye mhimili wake. Izungushe gia hiyo kwa kidole au ncha ya bisibisi, taratibu. Utahitaji mizunguko mingi, makumi kadhaa. Vijiti viwili vya kuongoza utepe vikianza kusogea kutoka kwenye ngoma kuelekea kaseti, uko sawa. Utepe ukizidi kukaza, geuza upande.
4. Kadiri vijiti vinavyorudi, utepe utalegea. Ukusanye kwa upole pembeni ili usimezwe na gia. Vaa glavu za pamba au ushike kingo tu; mafuta ya vidole hubaki kwenye utepe na kuhamia kwenye hedi.
5. Uliozunguka rola uachanishe kwa kijiti laini cha mbao, si kwa kisu wala bisibisi.
6. Vijiti vikishafika nyumbani, endelea kuzungusha gia ileile. Kibebeo kitapanda na kusukuma kaseti mdomoni.
7. Kaseti ikitoka, bonyeza kitufe kidogo cha ubavuni ili mfuniko wa mbele ufunguke. Chini katikati kuna tundu la duara: ingiza kalamu butu kulegeza breki, na kwa mkono mwingine zungusha roda (gurudumu la utepe) hadi utepe wote uingie, ukihakikisha haujapinduka.

Sehemu iliyokunjamana itaonyesha mistari kwa sekunde chache, lakini inapita. Iliyochanika kingo au kukatika isipite tena kwenye deki hivyohivyo, kwani ncha zinaweza kung'oa hedi. Kaseti hufunguliwa kwa skrubu tano zilizo chini. Kata pande zote mbili za jeraha kwa wembe safi, uunganishe kwa utepe wa gundi uliotengenezwa kwa kazi hiyo, upande wa nyuma usiorekodiwa. Selotepu ya ofisini haifai: gundi yake huyeyuka kwa joto na kupaka ngoma.

Ukishaitoa, usiirudishe kwenye deki hiyo hadi ujue kwa nini ilinasa. Karibu kila mara ni moja kati ya mambo matatu: rola ya mpira imekauka na kung'aa, roda ya kukusanyia haizunguki kwa sababu gia au mpira wake wa katikati unateleza, au kaseti yenyewe inagoma. La tatu ni rahisi kupima. Zungusha roda kwa mkono huku breki imelegezwa. Ikiwa nzito, tatizo ni la kaseti.

Ukungu

Pwani hili ni zito. Kaseti iliyokaa kabatini Zanzibar, Tanga au Mombasa huota ukungu kwenye kingo za utepe. Angalia kupitia dirisha la kaseti kwenye mwanga mkali: unga mweupe au kijivu, madoa, au mistari kama ya kucha. Ukiuona, usiiweke kwenye deki. Ukungu utapakaa kwenye ngoma, na kaseti safi itakayofuata itaambukizwa. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki pamoja na pakiti za silika jeli hadi iwe kavu, ndipo isafishwe. Wanaofanya kazi hii sana hutenga deki moja ya kafara iliyowekewa vitambaa laini kwenye njia ya utepe, ngoma ikiwa haiguswi, wanauzungusha mbele na nyuma na kubadilisha vitambaa hadi vitoke safi. Vaa barakoa, na kazi ifanyike nje ya chumba unachotunzia kaseti nyingine.

Unyevu unaisumbua deki yenyewe pia. Ukiitoa kwenye chumba cha AC kwenda kwenye joto la nje, umande hushika ngoma na utepe hunata. Deki nyingi zina sensa inayozuia kucheza. Iache imewashwa bila kaseti kwa saa 2.

Kusafisha njia ya utepe

Unahitaji alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 (isipungue 90), karatasi nyeupe ya printa, vijiti vya pamba na kitambaa kisicho na nyuzi. Spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70 ina maji mengi mno, na nyingine zina mafuta. Petroli na tina visahau.

Ngoma ya hedi ni silinda ya chuma ya kipenyo cha milimita 62. Hedi zenyewe ni vipande vidogo sana vinavyochomoza kwenye vipasuo vya ukingo wake: viwili vinavyokabiliana, vinne, au sita kwenye deki za sauti ya Hi-Fi. Zinavunjika kwa kuguswa vibaya, na zikivunjika deki imekwisha kwa upande wa kaseti.

1. Kata karatasi ya sentimita 2 kwa 6, ikunje, iloweshe kwa alkoholi bila kudondoka.
2. Ibandike ubavuni mwa ngoma kwa kidole kimoja na ukishikilie palepale. Kidole hakisogei.
3. Kwa mkono mwingine zungusha ngoma kutoka juu, polepole, mizunguko 10 hadi 15. Usishike ubavu unaogusana na utepe.
4. Tazama karatasi. Mistari ya kahawia au nyeusi ni oksidi ya utepe. Rudia kwa karatasi mpya hadi itoke nyeupe.

Usisugue juu na chini hata mara moja. Wala usitumie vijiti vya pamba hapa, maana nyuzi hunasa kwenye hedi na kuing'oa. Pamba itumie kwingine: hedi ya sauti (iko kulia kwa ngoma, karibu na rola), hedi ya kufutia iliyo kushoto, vijiti vya kuongoza, na mhimili mwembamba wa chuma unaobana utepe dhidi ya rola. Mhimili huo ukiwa na mkanda wa kahawia, utepe huteleza na sauti huyumba.

Rola ya mpira isafishwe kwa kitambaa chenye maji na tone la sabuni. Alkoholi ikitumiwa mara kwa mara huikausha. Ikiwa bado inang'aa na ni ngumu ukiibonyeza kwa kucha, ibadilishe. Kuisugua kwa msasa mwembamba ni nafuu ya wiki chache.

Acha vyote vikauke dakika 20. Hakuna kinachopakwa mafuta katika njia ya utepe. Na skrubu zilizo juu ya vijiti vya kuongoza zisiguswe: zilipimwa kiwandani, na robo mzunguko tu inatosha kukuletea ukanda wa chenga usioondoka.

Ukiijaribu deki ikiwa wazi, funika juu kwa kadibodi. Deki hutambua mwisho wa utepe kwa mwanga wa infraredi unaopita kwenye kipande cha utepe kinachoonyesha. Jua la dirishani au taa kali ikifika kwenye sensa, mashine hudhani utepe umefika mwisho na kuanza kurudisha nyuma au kutema kaseti. Mafundi wachanga hubadilisha vipuri siku nzima kwa sababu hiyo.

Dalili na chanzo chake

Chenga tupu huku sauti ikiwa safi ni hedi za picha kuwa chafu. Picha safi na sauti hafifu ni hedi ya sauti. Ukanda wa chenga unaopanda na kushuka ukibonyeza vitufe vya chaneli kwenye deki ni trekingi: rekebisha hadi utoweke, kwa kila kaseti, kwa sababu kila moja hubeba mpangilio wa deki iliyoirekodi. Juu ya picha kukipinda kama bendera, mvutano wa nyuma ni mdogo. Ukanda wa breki kwenye roda ya kushoto umelika. Sauti ya Hi-Fi ikikoroma, badilisha kwenda mono.

Deki ikicheza sekunde tatu hadi tano kisha ikasimama, haijui kama roda zinazunguka. Zina sensa chini yake, na mzunguko usipohesabika kompyuta husimamisha kila kitu ili kuokoa utepe. Chanzo ni gia inayoteleza au vumbi kwenye sensa. Kaseti ikiingia na kutoka bila kusita, au deki ikichanganya amri, shuku swichi ndogo ya kuonyesha hatua za upakiaji, iliyounganishwa na gia. Visahani vyake huota kutu nyembamba. Ifungue, isafishe kwa dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, uirudishe alama zake zikiwa zimelingana kama zilivyokuwa. Bila picha ya mwanzo utajuta.

Upande wa diski

Anza na diski. Ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari mnyoofu, si kwa kuzungusha. Kusita kwa kitambo kidogo katikati ya filamu ndefu ni kawaida kwa diski zenye tabaka mbili (GB 8.5): leza inahamia tabaka la pili. Kuganda papo hapo kwenye diski moja ni mchubuko. Kuganda sehemu tofauti kwenye diski zote ni lenzi, au joto.

Diski iliyochomwa studio ikikataa huku za kiwandani zikicheza, uliza kama ilifungwa baada ya kurekodiwa. Isiyofungwa husomwa na mashine iliyoirekodi tu. Anayeweza kuifunga ni mwenye mashine hiyo.

Lenzi huning'inia kwenye nyaya nyembamba. Lowesha kijiti cha pamba kwa tone moja la alkoholi, uizungushe mara mbili bila kukandamiza, umalizie kwa kijiti kikavu. Ikishindikana, tazama diski inapoingia: ikizunguka kidogo kisha ikaandika "No Disc", leza imechoka, isipozunguka kabisa, huenda ni leza, mota ya kuzungushia au fleksi. Kichwa kipya cha leza kinunuliwe kwa namba iliyochapwa kwenye mwili wake, si kwa jina la deki. Vichwa vingi vipya huja na tone la lehemu linalounganisha nukta mbili ili umeme tuli usiue leza. Kivalishe kwanza, chomeka fleksi, ndipo uliondoe tone hilo. Ukilisahau, diski haitasoma na utadhani umeuziwa kibovu. Kuna skrubu ndogo ya kuongeza nguvu ya leza. Wapo wanaoizungusha, diski inasoma mwezi mmoja, kisha leza inaungua.

Sinia isiyotoka ni mpira mdogo uliolegea mbele ya kibebeo. Utoe, uchemshe kwenye maji dakika mbili upate nguvu ya muda, na utafute mpya wenye mzingo uleule.

Bodi ya umeme

Dalili: taa nyekundu inawaka lakini haiwashi, au kaseti inacheza vizuri na diski ikianza kuzunguka deki inazima na kuwaka upya. Mota ya diski na chipu ya kusomea huvuta mkondo mwingi kwa ghafla. Kapasita zilizokauka haziumudu, njia ya volti 5 inashuka, kompyuta inaanza upya. Tafuta kapasita zilizovimba juu au zenye ukoko wa kahawia chini, hasa zilizo karibu na bati la kupozea. Badala yake weka za nyuzi 105, aina ya upinzani mdogo wa ndani, mikrofaradi zilezile, volti sawa au zaidi. Mstari wa pembeni ni hasi.

Fyuzi ambayo waya wake umekatika tu, kioo kikiwa safi, inaweza kubadilishwa na kujaribiwa. Iliyopakaa weusi au rangi ya fedha ndani ya kioo inasema kuna shoti, kwa kawaida kwenye daiodi za mwanzo au transista ya swichi. Fyuzi mpya itakufa papo hapo. Karatasi ya sigara si fyuzi. Kazi ya bodi hii mpe fundi kama huna mita na uzoefu wa umeme wa ukutani.

Umeme ukikatika, chomoa, na usichomeke hadi utulie dakika chache tangu urudi. Acha sentimita 10 juu ya deki, na usiipandishe juu ya king'amuzi.

Unaponunua au kuirudisha dukani

Nenda na kaseti yako ya majaribio, DVD, CD na diski ya kuchoma. Idai iwake dakika 20, kwani ubovu wa kapasita na wa joto hujificha kwenye dakika tano za mwanzo. Rudisha kaseti kutoka mwisho hadi mwanzo bila kusimama. Hakikisha rimoti ni yake yenyewe: menyu ya mipangilio katika deki nyingi haifunguki kwa vitufe vya mbele, na rimoti za kununua mitaani hazina vitufe vyote.

Ikiwa imeuzwa na waranti, usivunje stika ya skrubu. Rekodi ubovu kwa simu bila kukata video, ukianzia kwenye namba ya deki hadi inapokwama, na uandike: diski au kaseti gani, baada ya dakika ngapi, mara ngapi kati ya ngapi. Maneno "inasumbua" hurudishiwa "tumeijaribu iko sawa". Ukizungushwa, Kenya kuna Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012, na Tanzania Tume ya Ushindani hupokea malalamiko ya walaji.

Nakili mapema

Siku deki inapocheza vizuri ndiyo siku ya kunakili. Toa picha kwenye tundu la njano na sauti kwenye nyekundu na nyeupe, viingie kwenye kifaa cha USB cha kunasia video, na kompyuta uipange PAL, 720 kwa 576, fremu 25. Kwa MPEG-2 ya megabiti 6 kwa sekunde, saa moja hula karibu GB 2.7, hivyo kaseti ya E-180 ya saa 3 hufika GB 8. Mfumo wa faili wa flashi uwe exFAT, maana FAT32 hukataa faili linalozidi GB 4 na kurekodi kunakatika katikati.

Kabla ya kuanza, peleka kaseti hadi mwisho na kuirudisha mara moja ili mvutano ulingane, isipokuwa utepe umeonyesha udhaifu. Huo unaswe kwa mpito wa kwanza kabisa. Safisha ngoma kila baada ya kaseti chache za zamani, na mara moja picha ikianza chenga.

Baadhi ya deki hizi hurekodi DVD zenyewe na zina kitufe cha kuhamisha kaseti kwenda diski. Kwenye diski ya GB 4.7, hali ya SP huchukua saa 2 na LP saa 4. Kaseti ya saa 3 igawe kwenye diski mbili za SP badala ya kuibana kwenye moja ya LP, kwa sababu watu wanaosogea wakicheza ndio wanaovunjika vipande kwanza picha ikibanwa. Ukimaliza, funga diski kwenye menyu, kisha icheze kwenye deki nyingine kabisa, si hiyo iliyoirekodi.